Utetezi Niliokataa Kuutia Saini

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili jijini Doha, Qatar, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mkuu wa Mashauri alinikaribisha kwa kahawa chungu na onyo.

"Ustadha," akaniita, kama mawakili wanawake wanavyoitwa kule, "huku hutasimama mbele ya jaji. Utaandika, mkalimani atafasiri, na wakili Mkatari atasema."

Nilikuwa nimebishana mahakamani Nakuru kwa miaka mingi. Nikamjibu, "Basi nitaandika mpaka karatasi ipaze sauti." Akacheka, akidhani natania.

Ninyi vijana mnaosomea sheria mnadhani kesi za biashara ni kelele. Nyingi ni kusoma mkataba mpaka macho yawashe. Nilitetea wajenzi, wenye meli na wenye hoteli. Baadaye nikapewa kesi za pamoja, yaani watu wengi walioumizwa na jambo moja wanapoungana kumshtaki mdaiwa mmoja. Wakili wa utetezi huanza kwa kuwatenganisha: huyu aliumia wapi, yule kwa sababu gani? Ni kazi halali, na niliifanya vizuri. Siombi radhi kwa hilo.

Ndipo ikaja kesi ya jiko. Walinzi wa kambi moja ya Industrial Area, eneo la viwanda la Doha, wengi wao Wakenya na Waganda, waliugua baada ya kula chakula cha kampuni ya upishi iliyokuwa mteja wetu. Mmoja wao, Barasa, aliharibika figo. Mkuu alikuwa na utetezi tayari: wanaume hawa hupika vyumbani kwa siri, wamejidhuru wenyewe.

Nilikwenda kulikagua jiko. Chumba baridi cha kuhifadhia nyama kilikuwa na joto kama la nje. Msimamizi, Mganda aitwaye Okello, hakuficha. "Madam, hii mashine ilikufa kabla hao watu hawajaugua. Tuliambiwa tuendelee tu."

Nikamrudishia Mkuu hati ya utetezi bila saini.

"Umesahau wewe ni wakili wa nani?"

"Wa kampuni. Ndiyo maana siiachi ikaseme uongo mbele ya jaji."

"Khalas, yamekwisha. Atasaini mwingine, nawe utarudi kwenu."

"Nifukuze. Lakini mteja atausikia ukweli kutoka kwangu kwanza."

Kibali changu cha kuishi kilikuwa mikononi mwa ofisi ile, na binti yangu alikuwa anasoma palepale Doha. Hata hivyo nilikwenda kwa mteja.

Mkurugenzi wa kampuni alinisikiliza amekunja uso. Nilimweleza kwamba jaji anaweza kutuma mtaalamu jikoni, na siku hiyo uongo utamwumiza kuliko kosa lenyewe.

"Ungekuwa mimi?" akauliza.

"Ningekiri, ningewatibu, na jiko lile ningelifunga mpaka litengenezwe."

Akafanya hivyo. Kwenye kikao cha suluhu, Barasa alikataa mkono wangu. "Dada, wewe ni wa upande wao."

"Ndiyo. Na upande wetu umekubali kwamba sisi ndio tuliokosa."

Akayasoma masharti ya suluhu, kisha akayakubali.

Mkuu hakunifukuza, aliogopa kumpoteza mteja. Alinitupa kwenye mikataba, katika chumba kisicho na dirisha, na nilikaa humo mpaka alipoondoka. Aliyemrithi akanirudisha kwenye mashauri.

Sasa nimestaafu. Wenzangu wa zamani bado husema niliharibu kesi ambayo tungeishinda. Waseme. Kumtetea mtu si kudanganya kwa niaba yake, na atakayewaambia kwamba ni mamoja, mpeni kalamu asaini yeye.