Mulonge ya Kambo

Rafiki, leo mu soko ya Katuba nimebonyeza tumbo ya tomsoni, ile samaki ya bahari yenye kutufikia na baridi ya frigo, bila kichwa. Muuzaji akaniangalia kama muntu mwenye malaria. Kubonyeza tumbo ya samaki, ni kambo, mama ya baba, njo alinifundisha.

Wakati Katanga ilisema iko inchi yake peke yake, basoda, ni kusema baaskari, balijaza bariere za kufunga barabara ya Kasenga, na kamiyo, malori ya samaki, zikakatika. Bukari, ugali yetu, na sombe, majani ya muhogo, muchana, sombe na bukari mangaribi. Siku moja baba akaingia na mufuko yenye kulowa, ndani mulonge, samaki ya ndevu, ingali nzima. Mama akaanza kukata kitunguu mbele hata ya kusalimia.

Kambo, muzaliwa ya Kasenga, akabonyeza tumbo. "Iko na mimba." Akaitia mu pipa ya maji, akakalia mufuniko. Kwao, mvua ya kwanza ikinyesha, samaki yenye mayai haiguswi. "Ukikula mama leo, kesho utakula majani."

"Mama, majani njo tunakula," baba akasema.

Jirani wetu, katekista, akakuya kuitetea nyungu ya mama. Akamukumbusha kambo kama Yesu alipatia bantu samaki bila kuuliza mimba. Kambo hakuinuka.

"Yesu alijua kuzidisha. Weye unajua?"

Katekista akarudi kwake.

Asubuhi kambo akabeba beseni ku kichwa, kwenda ku muto Lubumbashi. Sisi batoto nyuma, mama nyuma yetu, angali na kisu. Ku bariere ya njia ya muto, soda akauliza anabeba nini.

"Muzazi. Namupeleka maternite, akazale."

Soda akachungulia, akacheka mupaka kofia ikaanguka, akatuacha tupite. Kambo akainamisha beseni mu muto, mulonge ikaenda bila kuaga. Nililia sana, lakini juu ya njala.

Mvua yenye kufuata, batoto ya milonge balijaa mu mifereji pembeni ya muto. Zilipokomaa, baba akavua, akijisifu kwa kila muntu kama ni yeye alizipanda. Kambo alikula mbili, na vichwa.

Leo ile muto iko na rangi ya kutu, hata vyura vilihama. Kasenga inatuletea samaki ndogo kama kidole. Mujukuu wangu hajaona mayai ya samaki hata siku moja, na ile inaniuma. Njo maana nilibonyeza tena, pole pole, vile kambo alikuwa anafanya.

"Mama," muuzaji akasema, "mule ndani iko barafu tu."