Onja Kwanza, Ndipo Upakue Bitiruti

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo siisahau hata nikitaka, maana nusura initoe kwenye nyumba yangu. Ilikuwa Jumapili ya bitiruti.

Unaniona hapa Juba, soko la Jebel, nikisaga bitiruti na karoti na kipande cha tangawizi. Unaona pia kwamba kabla sijamkabidhi mteja bilauri yake, namimina kidogo kwenye kifuniko nakunywa mimi, naye ananitazama. Wageni hudhani nina uchu wa juisi yangu mwenyewe. Wenyeji hawaulizi, wanangoja nimeze, ndipo wanyooshe mkono. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi ni mtu wa kushuku. Muuza maji akija, namwangalia mikono kabla ya mtungi. Anayenisifu sana asubuhi namchunguza mpaka jioni. Lakini shaka yangu ya leo ina adabu. Ya ujanani haikuwa nayo.

Mimi nililelewa Eldoret. Mama yangu alikimbilia huko wakati wa vita nikiwa bado mgongoni. Niliporudi Juba nikaolewa na Lado, kijana wa Rejaf, Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza na mila za kwetu nilizijua kwa kusimuliwa tu. Mama mkwe wangu naye alikuwa amekaa ukimbizini Uganda, kwa hiyo tulisemeshana Kiswahili, yeye chake cha huko na mimi changu cha Kenya. Maneno tulielewana. Sisi wenyewe tulikuwa tunapimana. Yeye aliniona mwanamke wa mjini asiyejulikana asili yake. Mimi nilihisi ameshamwona msichana mwingine huko Rejaf anayemfaa mwanawe, na anangoja tu nijikwae.

Jumapili hiyo alikuja kututembelea, nami nikataka kumpendeza. Kwa Waganda wa sokoni nilipata bitiruti nzuri, huu mzizi mwekundu ambao wenye Kiarabu chao huuita banjar. Nilizichemsha na maganda yake bila kuzikata mkia, maana ukiukata mkia, utamu na rangi huishia majini. Zilipopoa nikazimenya, nikazikata vipande vyembamba, nikatia kitunguu, ndimu, chumvi na pilipili kidogo. Nikawawekea mama mkwe na Lado karibu na ugali na samaki, nikarudi nyuma kwa heshima.

Mama mkwe akaniuliza, "Na wewe?"

Nikamjibu kwamba nitakula baadaye. Kule nilikokulia, kuingiza kijiko kwenye chakula cha mgeni ni utovu wa adabu. Sikujua kuwa kwao anayeandaa chakula hukionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Hofu ya sumu ni ya zamani huku, na desturi hiyo ndiyo dawa yake. Mama mkwe alisitasita, akala kwa ajili ya heshima, kisha akala kwa ajili ya utamu. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho. Nilipokaa jikoni kula mimi, bitiruti zilikuwa zimekwisha.

Alilala kwetu. Asubuhi alitoka chooni, akafunga kitambaa chake, akaondoka bila chai. Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimetufikia: mkojo wake umekuwa damu. Watu wakasema mke wa Lado hakuonja, hakula, alimtazama mwenzake akila mpaka mwisho. Walimshauri mama mkwe aende kliniki, akasema daktari hapimi sumu ya mtu. Na kibaya zaidi, Lado alikula bitiruti zile zile na hakuona chochote. Kwa hiyo, wakasema, sumu ilimlenga mama peke yake. Ukoo ukapanga kukaa Jumamosi kuamua kama nirudishwe kwetu.

Unadhani mimi nilifikiri nini? Nilikuwa nimekula bitiruti tangu utotoni na sijawahi kuona wekundu wowote chooni. Nikajiambia mama huyu anadanganya, hakuna damu wala nini, amepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Lado alipotoka kwa mamake na chupa ya asali, sikuigusa. Yeye naye akaanza kula sokoni, akisema kazi imembana. Siku moja niliona mafuta ya chapati za watu kwenye midomo yake, nikaingia ndani nikalia. Hakuna kitu kinachouma kama mume kuogopa sufuria yako.

Kabla kikao hakijafika, Mama Kiden alituita Rejaf. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama mkwe, mjane aliyekuwa akilima mboga kando ya mto. Alitukalisha sote wawili, mimi na mama mkwe, kwenye mkeka mmoja na hakutaka hadithi ndefu.

"Hiyo chakula," akaniuliza, "wewe ilionja?"

"Sikuonja, mama."

"Basi wewe ndiyo iliita hii maneno." Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe iko na mdomo. Kwa nini haikuuliza yeye? Nyinyi wawili nakula shaka tu, hapana chakula."

Akaniagiza nitafute bitiruti nyingine zenye majani yake. Nilipozileta akazipika kwa mkono wake mwenyewe, sisi tukimtazama yeye na kutazamana. Majani aliyakatakata akayapika na dakwa, yaani karanga zilizosagwa, mpaka yakawa mazito. Mizizi aliifukia kwenye majivu ya moto, akaimenya, akaiponda na chumvi. Miaka yote ile sikuwa nimejua kwamba bitiruti huchomwa. Ilikuwa tamu, na ule moshi ukaizidishia utamu. Akavipakua vyote kwenye sinia moja. Nikaonja mimi. Akala yeye. Mama mkwe alilishika tonge lake muda mrefu, midomo ikisali, macho yake kwenye koo langu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi kwake nilikuwa mla naye tu. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kulegea, kwa sababu mtu anayedanganya haogopi namna ile. Mwishowe akala.

Tulilala huko. Asubuhi Mama Kiden alitoka chooni anacheka, akaja kusimama mbele ya mdogo wake.

"Mimi pia iko na damu," akasema. "Sasa nani alinipa sumu? Mimi mwenyewe ndiyo ilipika."

Mama mkwe alikuwa nayo vilevile. Mimi sikuwa na kitu. Ndipo tulipoelewa kuwa ni rangi ya mzizi tu: kwa wengine inapita, kwa wengine haipiti, na kwa dada wale wawili inapita. Kikao cha Jumamosi kikafa chenyewe. Mama mkwe hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Aliuliza tu kama yale majani ya jana yamebaki. Nikampakulia, lakini safari hii nikaonja kwanza.

Baadaye nikamzaa Poni. Alipoanza kula, nilimpondea bitiruti na ndizi, na asubuhi yake bibi yake ndiye aliyembadilisha nepi. Nikakumbuka ule wekundu. Nikakimbilia chumbani roho mkononi. Nilimkuta ameishika ile nepi nyekundu karibu na dirisha, machozi yanamtoka.

"Huyu iko yangu," akasema. "Huyu iko yangu kabisa."

Nilifurahi sana, mwanangu. Halafu nikaelewa kuwa kumbe hata hilo alikuwa akilishuku. Nilikwenda kucheka peke yangu jikoni. Mungu amrehemu mama yule. Alikufa akiwa amelala mikononi mwangu, na chakula chake cha mwisho nilimlisha mimi, wala hakuningoja nionje.

Sikuambii uache kushuku. Mji huu si wa kuingia umefumba macho. Lakini shaka yako ipeleke kwa mwenyewe kabla hujaipeleka kwa jirani, na ukiwa na mdomo wa kunung'unika, una mdomo wa kuuliza. Na siku utakayoshukiwa wewe, usikae ukijivunia usafi wako kimyakimya kama nilivyokaa mimi. Onja kwanza, watu wakuone ukimeza. Ukihamia kwa watu, uliza wanavyopakua kabla hujapakua. Na ukimpa mtu bitiruti kwa mara ya kwanza, mwambie mapema atakachokiona asubuhi.

Mungu akujalie nyumba ambayo sufuria yake haiogopwi, na wakwe watakaokuuliza usoni. Akupe mtoto atakayewafunga pamoja wale wasioaminiana. Haya, pokea bilauri yako. Nimeshaonja.