Harufu ya Ng'ambo

Ukitaka gari zuri la mtumba hapa Lagos, kwa bei isiyokulazimisha kuuza shamba la baba yako, kila mtu atakuambia nenda kwa Lasisi. Lasisi mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu, lakini hilo halikumshangaza mtu. Mganga hajigangi.

Alifanya kazi kwenye yadi ya Alhaji Gbadebo, kando ya barabara ya Apapa, na kazi yake haikuwa na jina. Wenzake walipiga rangi na kurudisha nyuma kilomita. Lasisi yeye alitia roho. Gari lililozeekea Lagos, likala mashimo ya Lagos na kugongwa na kila mwenye haraka wa Lagos, liliingia yadini kwa mlango wa nyuma kama mkimbizi. Wiki moja mikononi mwa Lasisi, likatoka kwa mlango wa mbele kama mgeni wa heshima. Sasa liliitwa tokunbo, gari lililotumika ng'ambo likavuka bahari, na kwa heshima hiyo bei yake ilipanda maradufu.

Alikuwa msanii. Chini ya kiti cha dereva aliacha sarafu yenye kichwa cha mfalme wa Ubelgiji. Kwenye zulia alikandamiza jani kavu la mti usioota Afrika. Harufu ndiyo iliyokuwa siri yake: kahawa kidogo, ngozi, na mbwa aliyeoga juzi. Wateja walifungua mlango, wakafumba macho, wakavuta pumzi. "Ng'ambo!" walisema, na kutoa pesa. Lasisi mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Cotonou, mji wa nchi jirani. Hata mwanawe wa kwanza alimwita Tokunbo, jina la watoto wanaozaliwa ughaibuni, ingawa mtoto alizaliwa zahanati ya Mushin, hapa hapa Lagos.

"Labda ni kwa sababu niliruka mtaro nikienda kujifungua," mkewe aliwaambia waliouliza.

Maisha yakaenda hivyo, matamu, mpaka dada yake Silifatu alipopokea upatu.

Silifatu alikuwa muuguzi. Mara mbili vibaka walimvizia alfajiri akitoka zamu. Mara ya pili walimvunja mkono. Tangu siku hiyo alikula ugali wa muhogo bila samaki, akachangia upatu bila kukosa, na sasa zamu yake ilikuwa imefika. Akaja yadini amevaa viatu vya sikukuu.

"Kaka, nichagulie wewe. Wengine wote ni wezi."

Alhaji Gbadebo, aliyekuwa karibu, alikohoa kwa unyenyekevu.

Lasisi hakupata nafasi ya kuchagua. Silifatu alikuwa ameshaona gari jekundu. Akafungua mlango, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Hili!"

Gari lile lilikuwa limelala siku kadhaa ndani ya mafuriko kule Lekki, maji mpaka usukani. Alilipamba mwenyewe, na alijua kwamba lingezimika mvua ya kwanza tu, mahali penye giza, dada yake akiwa ndani.

"Hilo hapana, Silifa."

"Kwa nini?"

"Lina... moyo dhaifu."

"Moyo dhaifu wako wewe. Ona!" Mkono wake ulikuwa umeshafika chini ya kiti. "Sarafu ya kizungu! Wazungu wanaacha pesa ovyo jamani."

Lasisi akamvuta kando, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akasema kweli. "Sarafu hiyo niliiweka mimi. Jani niliweka mimi. Gari hili halijawahi kuona bahari, ila bahari ya Lekki ililifuata nyumbani."

Silifatu alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe! Umeshamwahidi mtu mkubwa, sasa unamtisha dada yako?"

"Wallahi, Silifa—"

"Usimwingize Mungu kwenye magari."

Lasisi akambembeleza. Akamwambia kuna mwalimu mstaafu Surulere, mzee mmoja mwangalifu anayeuza Korola yake ya kijivu. Gari limetunzwa kama yai, twende ukalione tu. Silifatu alimtazama kana kwamba amempa mchumba aliyetoka jela.

"La hapa hapa? Nipaki la hapa mbele ya wauguzi wenzangu? Gari lililotumika Lagos ni maiti inayotembea. Nani alisema hivyo Idi iliyopita, mbele ya mama na wageni wote?"

Alikuwa ni Lasisi mwenyewe. Alisema kwa ufasaha sana, na wote walipiga makofi.

"Ijumaa naja kulipa hili jekundu," akasema Silifatu, akaondoka na sarafu.

Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kufika Apapa. Kizuri kilikuwa kimekaa Surulere kikisubiri mnunuzi, na hakuna aliyekitaka kwa sababu kilisema kweli. Lasisi akamshawishi Alhaji alinunue gari la mwalimu, jambo ambalo halikuhitaji ushawishi mwingi, maana mzee wa watu aliuza kwa bei ya kuaga. Kisha akajifungia nalo. Hakuwahi kufanya kazi kwa upendo namna ile. Akatia kahawa, akatia ngozi, mbwa akamwogesha mara mbili. Akaacha kibanio cha nywele cha mtoto wa kike kwenye kona ya kiti cha nyuma, kitu ambacho hakuwahi kumpa mteja yeyote.

Ijumaa Silifatu akalikuta jekundu limeondoka. Mchungaji mmoja alilinunua kwa imani, na imani angeihitaji.

"Lakini kuna hili," Lasisi akasema, akitazama pembeni. "Limeshuka melini jana tu, moja kwa moja kutoka Ubelgiji."

Silifatu akafungua mlango, akafumba macho. Akaona kibanio. Machozi yakamlengalenga. "Walikuwa na binti," akasema kwa upole, na akalipa bila kuuliza, pamoja na nauli ya meli ambayo haikupandwa.

Jumapili wakaliosha gari, kama ilivyo desturi: maji kwenye magurudumu, kinywaji baridi cha malta kwa majirani, na alfa, shehe wa mtaa, wa kuomba dua. Silifatu alichelewa. Alipoingia nalo, kando yake alikaa mzee mwembamba mwenye bandeji mguuni.

"Huyu ni Baba Fagbemi, ametoka wodini kwangu leo. Nimempa lifti, nikamsimulia gari lilivyotoka Ubelgiji, nikamwambia kwanza apite anywe malta."

Lasisi, aliyekuwa amemlipa mwalimu huyo wa Surulere kwa mkono wake wiki hiyo hiyo, aliomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Lagos hupasuka kila mahali isipokuwa unapoihitaji.

Mzee alishuka polepole, Silifatu akimshika kiwiko. Bila kutazama, akaunyanyua mlango kidogo, ndipo akausukuma. Ukafunga vizuri.

"Eh, Baba!" Silifatu akashangaa. "Mlango huo unanisumbua tangu juzi. Umejuaje?"

Mzee Fagbemi akamtazama Lasisi. Akatazama bandeji yake, akatazama mkono wa muuguzi uliowahi kuvunjwa, ambao bado ulikuwa umeshika kiwiko chake.

"Niliwahi kuwa na la aina hii, mwanangu. Ila langu lilikuwa la hapa hapa."

"Pole, Baba. Ya hapa hayadumu."

"Hayadumu," mzee akakubali. Akamsogelea Lasisi, akapokea chupa ya malta. "Na huko Ubelgiji, kijana, mafuta ya injini wanabadilisha?"

"Kila mara, Baba," Lasisi akanong'ona. "Watu waangalifu sana."

"Nimefurahi kusikia."

Alfa akainua mikono, akamshukuru Mungu aliyelivusha gari lile bahari kuu salama, bila dhoruba wala maharamia. Mzee Fagbemi akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.