Samaki Chini ya Kapeti

Kaa hapa karibu nami, wewe unayenisikiliza, lakini kama ndiyo kwanza umetoka mezani, ngoja chakula kishuke. Kisa hiki kina harufu, na sijui namna ya kukieleza bila harufu yake.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nimeifanya kazi hiyo Doha kwa miaka kadhaa, nikilala mtaa wa Najma kwenye chumba cha Wakenya watano na kuamkia gereji. Gari ninalolikumbuka kwa kichefuchefu lilikuwa jipu kubwa jeupe la familia moja ya Kiqatari. Dereva wao alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa makamo, aliyewapeleka watoto shule na mama mwenye nyumba madukani Al Sadd. Dereva alimwita mwenye gari baba, kama wafanyakazi wengi wa nyumbani wanavyomwita mwajiri. Mwisho wa wiki, ambao Doha ni Ijumaa na Jumamosi, baba alilichukua jipu mwenyewe, akaenda nalo jangwani au kuvua samaki.

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu. Jipu la namna ile lina mota ndogo chini, karibu na giaboksi. Ukizungusha swichi pale mbele ya dereva, mota inaunganisha magurudumu ya mbele ili yote manne yavute. Hiyo ndiyo foo-wili. Kwenye jipu hili ulizungusha swichi, taa ikapepesa tu, na magurudumu ya mbele yakabaki watalii.

Lilipoletwa mara ya kwanza nilifanya wanayoyafanya mafundi wenye haraka. Nilichomeka mashine ya kusomea hitilafu, ikaniambia njia ya mota ina kasoro. Nikabadilisha mota. Gari likashinda siku mbili uwanjani kwetu, juani, milango wazi, na taa ikaacha kupepesa. Nikajiona bingwa. Baba alipokuja kulichukua akaniuliza ile mota ya kwanza ilikufaje. Sikujua. Lakini kwa fundi, kusema hujui mbele ya mteja ni kama kuvuliwa suruali sokoni. Nikajibu, "Ni dereva. Anasahau foo-wili ikiwa imeunganishwa, anatembea nayo kwenye lami, mota inaungua."

Niliyatema maneno hayo kama kokwa ya tende, nikarudi kazini.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, dereva aliingia na jipu lile lile. Alishuka bila kunisalimu.

"Ni wewe ulisema natembea na foo-wili kwa lami?"

"Nilisema inaweza kuwa..."

"Hukusema inaweza. Nilikuwa nyuma yako, funguo mkononi. Umenichoma, buda. Baba aliniambia taa ikiwaka tena narudi kwetu. Imewaka. Tiketi ni ya Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Kwani umeona nyingine? Na gari nimeambiwa nililete mwenyewe. Ni kama kuchimba kaburi lako, halafu unaambiwa ukimaliza urudishe jembe."

Alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko tusi. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi huko nyumbani. Kila Mkenya aliyemjua alijua habari za binti yule.

Nikafungua mlango. Uudi ulinipiga usoni. Watu wa hapa hufukiza nguo, sebule, wageni, na hata gari: chetezo kinawekwa ndani, milango inafungwa, moshi unafanya kazi yake. Ni desturi nzuri, naipenda. Lakini siku ile chini ya uudi kulikuwa na kitu kingine, kizito, kama soko la samaki lililovalishwa nguo za harusi. Mara ya kwanza pia nilikisikia. Nilifungua vioo, nikapumua kwa mdomo, nikakipita.

Safari hii niliuliza. "Taa huwaka siku gani?"

"Ijumaa. Baba akitoka nalo tu."

"Na Ijumaa asubuhi wewe hufanya nini?"

"Naliosha, nini kingine? Familia ikiwa imelala. Vile tunaosha kwetu: ndoo, sabuni ya unga, brashi. Ndani namwaga maji kabisa."

"Kwenye kapeti?"

"Sasa harufu nitaitoa na mate?"

Ndipo akanieleza. Miezi kadhaa nyuma, kasha la barafu lililojaa samaki wa baba lilipinduka nyuma ya kiti cha mbele. Baba aliokota samaki, maji yao yakabaki. Dereva alimwambia mama kwamba gari linanuka, akaambiwa atie uudi. Akatia uudi kila siku, na maji kila Ijumaa. Hakuna aliyenyanyua kapeti. Wala mimi.

Sasa nikueleze polepole, kwa sababu hapa ndipo mafundi wapya hupotea. Mashine haikuambii kitu gani kimekufa. Inakuambia mahali ambapo mambo hayaendi. Umeme una safari mbili: unatoka kwenye betri kwenda kufanya kazi, kisha unarudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Waya wa kurudi tunauita ethi. Ethi ikiharibika, vifaa vyote vinaweza kuwa vizima na bado gari lisifanye lolote, mfano wa mtu aliyefika ughaibuni na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yake.

Nilichukua mita. Foo-wili ina kompyuta yake ndogo inayoiamuru mota, na kwenye jipu hili ilikaa chini ya kiti cha mbele. Dereva akazungusha swichi, nami nikapima. Waya wa kwenda ulikuwa mzima, volti kumi na mbili na ushei. Nikapima ethi ya kompyuta ile, tarakimu zikarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Nikaufuata waya kwa vidole. Uliingia chini ya kapeti.

Tulifungua kiti, tukanyanyua kapeti.

Sitakuficha. Sponji ya chini ilikuwa imegeuka uji wa kijivu. Ilinata na kuvutika kama makamasi. Ndani yake kulikuwa na magamba ya samaki, povu la sabuni lililoganda, na maganda ya funza yaliyokauka kama mchele uliomwagwa. Pembeni kulikuwa na funza ambao hawakuwa wamekauka. Bolti ya ethi ilikaa katikati ya dimbwi hilo, imevaa ukungu wa kijani, na waya uliposhikwa ulivunjika kama biskuti. Nilikimbia hadi ukutani nikatapika chai yote ya asubuhi. Dereva alisimama kando, kofia puani.

"Hiyo ndiyo lami niliyotembea nayo," akasema.

Funza unaweza kuwaosha. Kisichooshika ni kwamba pua yangu ilikuwa imeniambia ukweli wiki tatu nyuma, nami nikaona heri kumpaka mtu matope kuliko kuchovya mikono yangu humo.

Nilikata waya uliooza, nikaunga mpya, nikaisugua bolti hadi chuma kikang'aa, nikatupa sponji isipokuwa kipande kimoja. Dereva akazungusha swichi. Mota ikaguna chini, taa ikatulia. Ile mota niliyoitoa mara ya kwanza bado ilikuwa kwenye rafu. Niliiunganisha na betri, ikazunguka vizuri kabisa. Haikuwahi kufa; kilichotuliza taa mara ile ni jua la siku mbili lililokausha kapeti.

Baba alifika alasiri. Nilikuwa nimeweka bolti, waya na kile kipande cha sponji kwenye sinia. Dereva alininong'oneza, "Sema samaki. Maji usiyataje, tafadhali."

Niliyataja. Kwa Kiarabu changu cha gereji nilisema hivi: samaki ni wako, maji ni yake, na uongo wa lami ni wangu. Niliona uso wa dereva ukifungwa kama duka.

Baba aliziba pua kwa kilemba chake. Akainama, akatazama gamba moja lililong'aa kwenye sponji. Akamgeukia dereva.

"Ulijua gari linanuka?"

"Ndiyo, baba. Nilimwambia mama. Akasema tia uudi."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliniambia ni yeye."

"Sikujua, nikadanganya."

Alinitazama kama nilivyoitazama ile kapeti. Nilistahili. Halafu, bila kumwangalia dereva, akamrushia funguo.

"Jumapili watoto wana shule. Usichelewe. Na maji ndani ya gari, khalas, mwisho."

Dereva aliwasha gari. Alipofika langoni akashusha kioo.

"Asante sikupi," akasema. "Umetibu ugonjwa ulionipa mwenyewe."

"Ni haki yako."

"Lakini nikisikia harufu tena nakuja. Utanyanyua?"

"Nitanyanyua."

Basi nawe, taa ya foo-wili ikipepesa, usianze na mashine wala usimtaje mtu. Funga vioo uvute pumzi kwa pua. Kisha fungua kiti, nyanyua kapeti, weka kiganja chini yake. Kikitoka na unyevu, tafuta bolti ya ethi, isugue mpaka ing'ae, ndipo upime.