Noti ya Blandina na Pasi ya Baudouin

Noti ya zamani haioshwi, haibandikwi gundi, haipigwi pasi; ikiguswa hivyo, wakusanyaji huishusha bei. Kanuni hiyo Baudouin aliishika kwa miaka tisa, akaivunja asubuhi moja ya mwaka 2012.

Alikuwa fundi simu wa Greyville, mjini Durban, mzaliwa wa Bukavu huko Kongo. Simu zilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye noti zilizotolewa na benki za miji midogo ya Natal, benki zilizofungwa kabla babu yake hajazaliwa. Ndiyo maana Blandina, Mtanzania aliyefanya usafi katika maghorofa ya South Beach, alimpelekea yake. Bibi mmoja ambaye Blandina alimuuguza hadi akafa alikuwa amemwachia: pauni tano, imekunjwa mara nne, vumbi limekolea kwenye mikunjo.

"Hii iko na bei, mama," Baudouin alimwambia. "Elfu ishirini. Usiipanguse hata vumbi!"

Kwa Blandina, randi elfu ishirini zilikuwa kibanda cha nguo pale Isipingo, na kuagana na ndoo na fagio. Akamwachia noti aiuze.

Mnunuzi, mzungu mkusanyaji wa noti, aliahidi kuja Jumamosi saa nne. Tangu alfajiri Baudouin hakutulia. Aliitoa noti, akairudisha, akaitoa tena. Mikunjo ile ilimkera. Kwao Bukavu, dola yenye mchaniko mdogo kama punje ya mchele unarudishiwa usoni, na mama yake, muuza unga wa muhogo, hakwenda sokoni bila kunyoosha noti zake kwa pasi ya mkaa. Je, mzungu naye akiikataa? Saa tatu alitandaza kitambaa chenye unyevu, akawasha pasi. Noti ikatoka imenyooka, inang'aa. Akatulia kwa nusu saa.

Blandina alikuwepo mnunuzi alipoiinua noti kwenye mwanga, kisha akaiweka mezani.

"Nani ameipiga pasi?"

Blandina akacheka. "Pasi? Kwa kaka Baudouin huyu? Mimi kanikataza hata kuipuliza!"

Baudouin angeweza kumsingizia yule bibi marehemu. Alilifikiria hilo.

"Ni mimi," akasema.

"Eish, kaka!" Blandina akamaka. "Afadhali ningempa fisi bucha. Yeye angalau angeshiba."

Mnunuzi alitoa elfu nne, akaondoka na noti. Kukiri kosa ulikuwa wajibu wa Baudouin, wala hastahili sifa kwa hilo. Pasi ile ilimgharimu Blandina randi elfu kumi na sita, na miaka mitatu zaidi ya kusugua sakafu za watu.