Mita ya Marehemu Mume Wangu Iko kwa Mwanamke Mwingine

Msomaji wetu huyu wa Singida ameomba jina lake lisitokee. Tumelificha, maneno ni yake.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Kiomboi, nashona nguo hapa Singida mjini. Mume wangu alikuwa fundi umeme. Alifariki masika yaliyopita.

Jengo tunalopanga lina maduka matatu na mita moja. Mimi niko mwanzoni, katikati yuko kinyozi, na mwishoni kuna mwanamke nitakayemwita Zaituni, anauza chai na soda baridi. Bili ya umeme tulikuwa tunagawana sawa, na kila ikija tuligombana. Friji la Zaituni lilinguruma mchana kutwa, tukaamini ndilo linalotumaliza. Kinyozi alimwita kupe. "Ujamaa ni wa shamba, dada," alimwambia, "siyo wa umeme!" Mwenye nyumba akataka friji litoke.

Mume wangu akasema tupime kwanza. Akafunga mita ndogo, mali yake mwenyewe, kwenye waya unaoingia kwa Zaituni. Mwezi ulipoisha akatusomea mbele ya watu wote: friji lilikula kidogo tu. "Kinyozi ana taa moja na mashine ndogo ya kunyolea," akasema. "Mlaji ni pasi ya mke wangu."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, lakini moyo uliwaka. Nyumbani nikamuuliza, "Baba Elia, umeshindwa kuniambia mimi kwanza?"

"Mita haijui mke wa mtu," akanijibu.

Mwenye nyumba akakubali friji libaki, mradi mita nayo ibaki. Tangu hapo kila Jumamosi mume wangu alikwenda kuisoma, ili bili igawanywe kwa kipimo. Kusoma mita ni kutazama namba tu. Yeye alikaa, akavua kofia, akazungumza. Nilimwona kutoka mlangoni kwangu. Kwangu alikuwa mtu wa kula, kusema ahsante na kulala.

Baada ya msiba Zaituni alinishika mkono. "Dada, shemeji alikuwa akikusifu hapa. Unavyokata kitambaa bila kuchora. Unavyoimba Kinyiramba ukidhani husikiki."

Ndugu wasomaji, sikujua kama alikuwa ananisikia. Sifa zangu mwenyewe nililetewa na mwanamke mwingine, kama kiporo.

Nikaenda na bisibisi kuing'oa ile mita, maana sasa ni yangu. Zaituni anajua kuwa bila mita mwenye nyumba hataki friji, na bila soda baridi hana cha kuwalishia wanawe. Hata hivyo alinisogezea kigoda, nikapanda.

"Ing'oe, dada, ni haki yako. Mimi nilidhani Jumamosi utakuja kuisoma wewe. Alisema mengi. Ningekuwa nakuambia moja moja."

Nilishuka, nikaondoka bila kuigusa. Tangu siku ile, kila Jumamosi nafunga duka mapema ili tusionane.

Nikiing'oa, namwondolea mwenzangu riziki, na maneno ya mume wangu yatabaki kwake. Nikiiacha, nitakuwa naketi kwenye kiti alichokalia, nikimpokea mume wangu kutoka kinywani mwa mwanamke niliyemwonea wivu akiwa hai na ninayemwonea hata sasa. Na kinachonitia haya zaidi ni kwamba natamani kwenda.

Nishaurini jamani, niende?