Wiki Mbili Nilizojisifia

Mpaka leo nasikia ile honi, mwanangu: ndefu, mara tatu, kutoka ng'ambo ya mto karibu na Itebero. Siku zote wapiga kasia waliijibu kwa wimbo huku wakishuka majini. Siku hiyo hakuna aliyejibu. Lori likapiga honi mpaka likachoka.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetoka Kibabi, kule Masisi kwa wafuga ng'ombe, kumfuata mume wangu. Yeye na wenzake tisa walivusha malori ya kompani juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa mbao. Mitumbwi ile ilikuwa imeoza. Msimu wa mvua uliopita mmoja ulipasuka katikati ya mto, na mwenzao mmoja hakuonekana tena. Sasa Mzungu wa kompani alitaka watie kidole kwenye kontra mpya, ile karatasi ya mapatano ya kazi. Wakamwambia: kwanza mitumbwi mipya na kamba nene ya kushikilia, la sivyo hatuvushi.

Kabla ya kuweka makasia chini, Papa Musafiri, mkubwa wao, alituita hata sisi wake zao.

"Wanaume watajisifu tu," alisema. "Wamama njo wanajua iko nini mu chungu. Kila mama aseme nyumba yake itaweza siku ngapi bila posho. Tutafuata ile iko kidogo kuliko zote."

Mmoja akasema kumi, mwingine nane. Mama Furaha, mke wa Papa Musafiri, akasema sita. Zamu yangu ilipofika, jirani akacheka: "Huyu wa Masisi amezoea maziwa. Siku mbili tu, atalilia mama yake."

Na kweli zilikuwa mbili, mwanangu. Muhogo wetu ulikuwa haujafika hata magotini. Lakini nilikuwa msichana wa ndoto nyingi, nikitaka kupendwa na watu wale. Nikainua kichwa: "Wiki mbili."

Mume wangu alijua si kweli, lakini hakunisahihisha. Naye alikuwa na aibu yake.

Basi wakapanga siku sita. Siku ya nne mume wangu alikwenda kwa siri kwa karani wa kompani kuomba unga. Karani akamwambia Mzungu. Mzungu alikuwa ameshaanza kulegea, lakini aliposikia njaa imeingia kwetu, akasema atangoja. Siku ya sita wakatia kidole. Kamba walipata. Mitumbwi mipya, hapana.

Mama Furaha alinikuta mtoni. Hakupandisha sauti.

"Ungesema mbili, binti yangu, tungekulisha. Muhogo iko inazeeka mu shamba yangu. Sasa Papa Musafiri anaingia tena mu ule mutumbwi."

Maneno hayo nimezeeka nayo. Kwa hiyo wewe, mwanangu, unayekaa na wenzako kudai kontra yenu, msiulizane tu nani ana moyo. Ulizeni nani atalala njaa kwanza, na huyo mumshike mkono kabla hamjaanza. Na kama ni wewe, sema. Usione haya mbele ya watu wanaoingia maji yale yale unayoingia wewe. Mungu akupe wenzako wa kukusikiliza, akuvushe salama, akurudishe nyumbani kwako kila jioni.

Mimi, asubuhi iliyofuata siku ile ya mtoni, nilichukua kikapu kitupu bila kumwambia mtu. Nikasimama mlangoni kwa Mama Furaha, nikamwambia nyumba yangu haina kitu.